Sidi Mubarak Bombay: Askari wa Chogwe aliyevuka Afrika kwa miguu

Na Mwandishi Wetu

JINA la Sidi Mubarak Bombay si geni kwa wanaofuatilia historia ya misafara ya karne ya 19 katika Afrika Mashariki. Hutajwa kila yanapotajwa majina ya Richard Burton, John Hanning Speke, Henry Morton Stanley na Verney Lovett Cameron, kwa kuwa alitembea na wote hao wanne. Lakini mara nyingi hutajwa pembeni, kama mtumishi mwaminifu aliyewafuata mabwana zake.

Kumbukumbu za wazungu hao wenyewe zinaonyesha picha tofauti. Bombay alikuwa askari. Aliingia jeshini akiwa mtu huru aliyetoka utumwani, akafanya kazi kwa mkataba na kwa ujira, akapanda hadi kuwa kapteni wa askari wenzake, na alipofariki dunia mwaka 1885 alikuwa miongoni mwa Waafrika waliotembea umbali mrefu kuliko wengine wote wa zama zake. Ni maisha yanayoonyesha jinsi bunduki na mshahara vilivyokuwa njia ya mtu aliyewahi kuuzwa kujijengea heshima, na jinsi heshima hiyo ilivyobaki mikononi mwa aliyemlipa.

Kijiji kilichozingirwa kwa deni

Bombay alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kati ya pwani ya mashariki na Ziwa Nyasa, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Tanzania na Msumbiji. Mama yake alifariki dunia yeye akiwa mchanga, naye hakumkumbuka vizuri. Kwa mujibu wa maelezo aliyompa Speke miaka mingi baadaye, kijiji chao kiliishi kwa amani hadi alipofikia umri wa miaka 12 hivi.

Mwaka huo lilitokea kundi kubwa la wafanyabiashara wa pwani pamoja na watumwa wao, wakiwa na bunduki na panga, wakakizingira kijiji na kudai walipwe madeni yao papo hapo. Wakati wa njaa iliyotangulia wanakijiji walikuwa wamekopeshwa nguo na shanga. Hakuna aliyeweza kulikana deni, na hakuna aliyekuwa na cha kulipa. Wakijua kwamba mishale haiwezi kushindana na bunduki, wanakijiji walijaribu kukimbia. Wengi walikamatwa, akiwamo mtoto huyo. Hakupata tena habari za baba yake wala za ndugu yeyote.

Mateka hao walifungwa kwa minyororo na kamba, wakaswagwa hadi Kilwa, na kutoka hapo wakapakiwa kwenye majahazi kwenda Zanzibar. Sokoni Zanzibar alinunuliwa na mfanyabiashara aliyempeleka India. Huko alitumikia kwa miaka mingi na kujifunza Kihindustani, lugha ambayo baadaye ingebadilisha maisha yake. Huko pia ndiko yalikotoka majina aliyoyatumia hadi kufa. Sidi ni jina waliloitwa watu wenye asili ya Afrika nchini India, na Bombay ni mji ambao siku hizi unaitwa Mumbai. Jina alilopewa na wazazi wake halikuingia katika maandishi yaliyomfanya ajulikane.

Bwana wake alipofariki dunia, Bombay alipata uhuru wake. Badala ya kubaki India, alirejea Zanzibar.

Askari mwenye njaa

Mtu aliyeachwa huru katika Zanzibar ya wakati huo hakuwa na mambo mengi ya kuchagua. Hakuwa na shamba, hakuwa na ukoo wa kumtetea, na hakuwa na mtaji wa biashara. Jeshi la Sultani Said bin Sultan lilikuwa mojawapo ya milango michache iliyokuwa wazi. Sehemu kubwa ya jeshi hilo ilikuwa ya mamluki wa Kibaluchi kutoka pande za Makran, waliopangwa katika ngome ndogo ndogo za pwani chini ya majemadari wao. Bombay aliingia katika utumishi huo.

Alipangiwa Chogwe, kituo kidogo cha ulinzi juu ya bonde la mto Pangani. Kazi ya kikosi hicho ilikuwa kuilinda njia ya kwenda bara na kuuonyesha uwepo wa Sultani mahali ambapo utawala wake ulikoma baada ya hatua chache kutoka ngomeni. Hapakuwa na vita vya mara kwa mara wala sifa ya kuvuna. Bombay mwenyewe alikieleza kipindi hicho kuwa cha uvivu wa kulazimishwa na cha njaa. Alikuwa na bunduki, alikuwa na cheo cha askari, lakini pia alikuwa na madeni.

Februari 1857, miezi michache baada ya kifo cha Sultani Said, maofisa wawili Waingereza waliotoka katika jeshi la India walifika Chogwe. Walikuwa Richard Burton na John Hanning Speke, waliokuwa wakijaribu miguu yao kabla ya safari kubwa ya kutafuta maziwa ya bara. Walitaka kupanda milima ya Usambara hadi Vuga kumwona mtawala wa Washambaa, Kimweri ye Nyumbai, na walihitaji walinzi. Bombay alikuwa miongoni mwa watu waliotolewa kituoni hapo kuwasindikiza.

Katika safari hiyo fupi Burton alivutiwa na bidii yake. Ingawa umbo lake lilikuwa dogo na kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka, alibeba mzigo mzito na kutembea mwendo wa kutwa bila kulalamika. Hakujidai kuwa anafanya hivyo kwa mapenzi. Alieleza waziwazi kwamba anafanya kazi kwa ajili ya tumbo lake. Waingereza hao walimlipia madeni yake, naye, baada ya kusitasita kidogo, akaiacha ngome ya Chogwe na kujiunga nao.

Rafiki aliyemwita ndugu yake, Mabruki, alichukuliwa pia katika msafara huo kwa pendekezo lake. Lakini hali zao zilitofautiana. Mabruki alikuwa bado mtumwa wa shehe mmoja wa Kiarabu, aliyemkodisha kwa Burton kwa dola 5 kwa mwezi. Bombay alikuwa amejiajiri mwenyewe.

Ulimi wa msafara

Msafara uliondoka pwani Juni 1857, ukafika Kazeh, ambayo leo ni Tabora, Novemba mwaka huo, na Ujiji Februari 1858. Burton alizungumza lugha nyingi, Kiarabu na Kiswahili kikiwamo. Speke hakukijua Kiswahili kwa kiwango cha kumtosha. Lugha waliyoweza kuelewana na Bombay ilikuwa Kihindustani, ambacho mmoja alikipata jeshini na mwingine utumwani.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana Julai 1858, wakati Speke alipomwacha Burton mgonjwa mjini Kazeh na kuelekea kaskazini. Kila neno alilotaka kumwambia mpagazi, mlinzi au mtemi lilipitia kwa Bombay. Agosti 3, 1858, walipofika karibu na Mwanza na kuliona ziwa ambalo wenyeji walilijua siku zote, na ambalo Speke aliliita Victoria, Bombay alikuwapo. Habari zote ambazo Speke alizipata kwa wakazi wa ufuko huo kuhusu ukubwa wa ziwa zilikuwa tafsiri ya askari huyo wa zamani wa Chogwe.

Msafara uliporejea Zanzibar Machi 1859 ulizuka mgogoro wa malipo. Balozi wa Uingereza visiwani humo, Rigby, alilalamika kwa serikali ya Bombay kwamba Burton hakuwalipa walinzi na wapagazi kama ilivyotarajiwa, na Burton akalazimika kujieleza. Kwa watu wa misafara suala hilo halikuwa dogo. Ujira ndio uliomtofautisha askari wa kukodiwa na mtumwa aliyetembea kando yake akiwa na mzigo wa uzito uleule.

Mwaka 1860 Speke alirudi, safari hii akiwa na James Augustus Grant, na Bombay akaandikishwa tena. Hakuwa peke yake katika uongozi. Baraka, aliyewahi kutumika chini ya Waingereza na kushuhudia vita vya Multan nchini India, alipewa kuwaongoza watu wa Zanzibar, na wawili hao walishindana kwa muda mrefu. Kati ya watu wapatao 200 waliotoka pwani, wengi walitoroka njiani, wengine wakarudishwa na wengine wakafariki dunia.

Walipita Karagwe kwa Rumanyika, na Februari 1862 Speke akaingia Buganda kwa Kabaka Mutesa. Katika baraza la Kabaka maneno yalikwenda kwa ngazi. Speke alisema kwa Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, na mkalimani mwingine, Nasib, akayafikisha kwa lugha ya wenyeji. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo. Katika mazingira ambayo kosa la neno moja lingeweza kumgharimu mtu maisha, usalama wa msafara ulitegemea uangalifu wa watu hao wawili.

Julai 1862 waliufikia mto Nile ulipotoka ziwani. Speke, akiwa na furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta kwa miaka, aliwaambia watu wake kwamba wangepaswa kunyoa vichwa na kuoga katika mto huo mtakatifu wa Musa. Bombay alimjibu kwa upole kwamba wao hawayatazami mambo hayo kwa macho ya namna hiyo, na kwamba wanaridhika na mambo ya kawaida ya maisha. Speke aliyaandika maneno hayo katika kitabu chake.

Ni katika nchi hiyohiyo ya Uganda ambako subira ya Speke ilimwishia akampiga Bombay ngumi. Stanley alipomwona Bombay mwaka 1871 aliliona pengo katika safu ya juu ya meno yake, na akaeleza kwamba lilitokana na ngumi hiyo. Bombay hakuuacha msafara. Alikwenda na Speke na Grant hadi Gondokoro, Khartoum na Cairo, ambako mwaka 1863 watu wachache waliobaki walipigwa picha na kushangiliwa, kisha wakasafirishwa kwa bahari kurudi Zanzibar.

Kapteni wa dola 80

Mwaka 1871 mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alifika Zanzibar akiwa na kazi ya kumtafuta David Livingstone. Aliulizia watu waliotembea na Speke. Bombay alikuwa akiishi Pemba, akaitwa.

Mkataba wake na Stanley unafahamika kwa kina. Aliajiriwa kuwa kapteni wa askari kwa dola 80 kwa mwaka, nusu ikilipwa kabla ya safari, na akapewa bunduki nzuri, bastola, kisu na shoka. Wenzake watano wa safari ya Speke, akiwamo Mabruki, walipewa dola 40 kwa mwaka kila mmoja. Kisha Bombay mwenyewe akaandikisha waungwana wengine 18, watu aliowajua na ambao alikubali kuwajibika kwao kwamba hawatatoroka. Hao walilipwa dola 36 kwa mwaka, sawa na dola 3 kwa mwezi. Kila mmoja alipewa gobore, pembe ya baruti, mfuko wa risasi, kisu na shoka, pamoja na baruti na risasi za kutosha kufyatua mara 200.

Neno mwungwana lina uzito wake hapa. Kwa watu wa misafara kutoka Zanzibar, wengi wao wakiwa wamewahi kuwa watumwa, kuitwa mwungwana kulimaanisha kuwa mtu wa pwani, mstaarabu, aliye huru kuuza kazi yake. Bunduki begani ilikuwa alama ya hadhi hiyo.

Lakini bunduki haikumkinga kapteni. Njiani Stanley alimvua uongozi kwa muda baada ya mali ya msafara kupotea. Agosti 1871, mjini Tabora, msafara uliingizwa katika vita kati ya Waarabu na mtemi Mirambo, na askari kadhaa wa Stanley wakauawa Waarabu walipoelemewa. Mwezi uliofuata, siku ya kuondoka Tabora, Bombay alichelewa akiagana na mwanamke, na Stanley akamcharaza bakora. Mtu wa miaka 50 hivi, mwenye safari mbili kubwa nyuma yake, alichapwa na mwajiri wa miaka 30 aliyekuwa akiiona bara kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo aliendelea. Novemba 1871 msafara uliingia Ujiji na Livingstone akapatikana. Dunia ililikumbuka jina la Stanley. Watu waliobeba nguo za hongo, waliozungumza na watemi na waliolinda mizigo usiku walirejea Bagamoyo Mei 1872 na kulipwa ujira wao.

Kutoka Bagamoyo hadi Atlantiki

Safari ya mwisho kubwa ya Bombay ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Mwaka 1873 aliajiriwa kuwa kiongozi wa watu wa Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza. Akiwa tayari bara, huku nyuma Zanzibar, Juni 5, 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa, soko lilelile ambalo Bombay aliuzwa akiwa mtoto.

Oktoba mwaka huo, wakiwa karibu na Tabora, walikutana na Chuma, Susi na wenzao wakiubeba mwili wa Livingstone kuupeleka pwani. Kati ya wazungu wanne wa msafara wa Cameron, wawili walifariki dunia ndani ya mwaka huo na mmoja akarudi pwani pamoja na mwili huo. Cameron alibaki na watu wa Bombay.

Walifika Ujiji Februari 1874, wakauzunguka upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika, wakaufikia mto Lukuga unaotoka ziwani, kisha Nyangwe. Kutoka hapo walikata nchi ambayo sasa ni Kongo na Angola. Novemba 1875, wakiwa wamedhoofika kwa njaa, waliiona bahari ya Atlantiki karibu na Benguela. Mtoto wa Kiyao aliyepelekwa Kilwa kwa minyororo alikuwa ameivuka Afrika kutoka mashariki hadi magharibi. Yeye na wenzake walirudishwa Zanzibar kwa merikebu iliyozunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Pensheni na mwisho wa zama

Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha jijini London kilimpa Bombay pensheni kwa kutambua utumishi wake. Halikuwa jambo la kawaida kwa askari wa msafara kupata malipo ya uzeeni. Lilikuja baada ya takriban miaka 20 ya safari, kwa uamuzi wa watu waliokuwa mbali naye.

Alifariki dunia Oktoba 1885. Mwaka huo uliitikisa Afrika Mashariki. Mkutano wa Berlin ulikuwa umemalizika Februari, na mara baada ya hapo Mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda ardhi ambazo Carl Peters alidai kuzipata bara. Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Barghash kumlazimisha akubali. Njia ambazo Bombay alizipitia akilipa hongo kwa kila mtemi zilikuwa zinaelekea kuwa njia za utawala wa kigeni, na ramani zilizotokana na safari hizo zilikuwa mezani kwa wagawaji. Yeye hakuchora ramani hata moja. Lakini bila ulimi wake na watu aliowaandikisha, baadhi ya ramani hizo zisingechorwa wakati ule, na hilo nalo ni sehemu ya historia yake.

Katika bustani za Kensington jijini London upo mnara wa mawe wenye jina la Speke, Ziwa Victoria na mto Nile. Jina la Bombay halimo. Ghuba iliyo kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza, ilipewa jina la Speke pia. Ilichukua muda mrefu kwa mizani kuanza kubadilika. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mwaka 2009 chama kilekile cha jiografia kilifanya maonyesho jijini London kuhusu watu waliosahauliwa katika historia ya safari hizo, Bombay akiwa miongoni mwao.

Askari wengi wa msafara wa karne hiyo waliandikishwa kwa jina moja, wakalipwa dola zao 3 kwa mwezi na kupotea katika kumbukumbu. Bombay aliwaandikisha wengi wao kwa mkono wake na kuwadhamini kwa jina lake. Kwa kuwa jina hilo lilibaki, kupitia kwake maisha yao nayo yanaweza kusomwa.